Kereng'ende wa Bonde la Kusini

Mwenye dhamana ni mkuu wa idara ya manispaa ya Riyadh niliyoitumikia hadi kustaafu. Si dereva, si wapulizaji dawa, wala si dada yangu aliyechora. Nayasema haya mwanzo ili lawama isitangetange.

Dada yangu alizaliwa Jeddah kama mimi, wazee wetu walipokwisha kuhama Unguja. Kereng'ende alimchora kwa namna moja tu: humfunika akiwa hai kwa bilauri, akamchora bawa mshipa kwa mshipa, kisha akamwachilia. "Maiti hana rangi," huniambia. Michoro hiyo tuliibandika Riyadh, kando ya dimbwi la bondeni upande wa mtaa wa Manfuha, na juu yake maneno ya Kiarabu: Mwacheni aishi, anakula mbu. Watu wakaanza kusimama na kutazama. Nilimsikia mama mmoja akimkemea mwanawe: "Halas, usimpige! Si ndiye huyo wa kwenye picha?"

Mwaka ule mvua ilizidi, na majirani wakalalamikia mbu. Mkuu akaamuru dimbwi lipulizwe dawa. Idara haikuwa na picha ya mdudu yeyote ya kuwaelekeza wapulizaji, basi ikachapa upya michoro ya dada, maneno yakakatwa, wapulizaji wakagawiwa.

Nilipofika, lori la dawa lilikuwa limemaliza kazi. Dereva wake, Mkenya mwenye mvi, alinionyesha karatasi yenye mchoro wa dada.

"Bwana, huyo ni mdudu wa kulindwa!" nikamwambia.

"Mzee, sisi tuliambiwa tukimwona huyu, hapo tupulize. Na aliyechora ni mkali, aki! Huwezi kumkosa hata akiwa mbali."

Alikuwa akisifu kwa moyo safi.

Nilimwendea mkuu ofisini. "Ya akhi," akanijibu bila kuinua macho, "dudu ni dudu. Umestaafu, pumzika."

Dada alikuja kutoka Jeddah kujionea. Mabawa yalikuwa yameganda juu ya maji kama maganda ya vitunguu. Akasema, "Ningechora ovyo, wangepona." Mbu wamerudi; kereng'ende hawajarudi, na dada hajashika brashi tena.

Kwa hiyo nadai: mkuu huyo aeleze hadharani, kwa jina na cheo chake, ni kwa mamlaka gani aliyakata maneno yale, karatasi zile ziondolewe mikononi mwa wapulizaji, naye afike Jeddah mwenyewe, mlangoni kwa dada yangu, amwombe radhi.