Jicho la Yadi la Arlys Skogstad

Arlys Skogstad alikata vitambaa miaka thelathini na mmoja katika duka lile lile, jirani na benki mjini Kinney Ridge, Wisconsin. Wanawake walimjia kwa ajili ya mapazia, mito na magauni ya harusi, naye alivuta jora juu ya meza, akatupa jicho, akatia mkasi. Ukingoni mwa meza palikuwa na rula ya shaba iliyopigiliwa misumari. Aliitumia kwa wateja wageni tu, wasije wakadhani wanapunjwa. Yadi ilikuwa imemkaa machoni.

Mumewe, Delmar, aliendesha lori la maziwa. Alikuwa mtu mpana, mcheshi, mwenye moyo laini, na umbali ulimpiga chenga maisha yake yote. Ukimuuliza ghala la jirani liko mbali kiasi gani, angekupa jibu la kuwachekesha ng'ombe. Kasoro hiyo isingemdhuru mtu, ila Delmar alikuwa mwindaji wa upinde. Mshale huanza kushuka mapema, tena hushuka haraka. Ukidhani kulungu yuko yadi ishirini kumbe yuko thelathini, mshale utampita chini ya tumbo.

Kwa miaka mingi alikuwa akipiga udongo. Kila mwaka, kwenye chakula cha klabu ya mishale, Butch Pelowski, rafiki yake tangu shuleni, alisimama na bia yake mkononi.

"Delmar! Mwaka huu umeua minyoo mingapi?"

"Nimeacha kuhesabu, bwana. Friji imejaa," Delmar alijibu, na kicheko chake kikawazidi wote.

Lakini vuli moja alirudi nyumbani hacheki. Alikuwa amempiga dume, akampiga vibaya. Siku mbili yeye na Arlys walifuata matone ya damu chini ya manyunyu, wakiinua jani moja moja, mpaka matone yakaishia kwenye bwawa la matete na hawakuona kitu tena. Delmar alitundika upinde katika chumba cha chini ya nyumba, akaja kukaa mbele ya sahani yake bila kuigusa.

"Nilidhani ishirini na tano," alisema.

"Ilikuwa ngapi?"

"Nimerudi kupima kwa hatua. Thelathini na nne."

"Na kile kidubwana chako cha kupimia umbali?"

"Nilikiinua, kikapima tawi lililokuwa mbele yangu. Ningekiinua tena angeona mkono." Akafunika uso kwa viganja. "Yuko huko mahali, Arlys, anateseka. Kwa sababu mimi ni mjinga wa macho."

Arlys hakuwa amemwona akilia tangu walipomzika mama yake Delmar. Alimsogezea kiti chake, wakakaa hivyo hivyo mpaka viazi vikapoa.

Theluji ilipoyeyuka, jioni moja ya Aprili, Arlys alisimama mlangoni amevaa koti.

"Vaa viatu, mpenzi."

"Tunakwenda wapi?"

"Mpaka kwenye sanduku la barua la akina Pelowski. Niambie, liko yadi ngapi kutoka hapa?"

Delmar akakodoa macho. "Hamsini."

Walipiga hatua wakihesabu kwa sauti. Sabini na tatu.

"Mungu wangu," Delmar akasema. "Mimi huendesha lori la tani kumi barabarani."

"Na mimi hulala usingizi bila wasiwasi. Sikiliza. Wewe unataka kuumeza umbali wote kwa mkupuo. Usifanye hivyo. Tafuta katikati kwanza. Kati yako na kile kisiki, katikati ni wapi?"

"Pale penye jiwe."

"Na mpaka kwenye jiwe ni ngapi?"

"Kumi na mbili?"

"Haya, mara mbili."

Ishirini na nne. Walipima, ikawa ishirini na tano. Delmar alimtazama mkewe kana kwamba ametoa sungura kwenye mkoba.

Tangu siku hiyo walitembea kila jioni. Butch aliwaona kutoka barazani kwake wakisimama, wakibishana, wakihesabu hatua, akamwambia mkewe kwamba akina Skogstad wamerukwa na akili. Delmar alijifunza kwamba kitu kilicho ng'ambo ya korongo huonekana karibu kuliko kilivyo, na kilicho ndani ya misonobari yenye giza huonekana mbali. Alijifunza kutomwamini kulungu mdogo, maana udogo wake humsogeza nyuma machoni. Alikosea sana, akachekwa sana.

"Wewe ni mchawi," alimwambia Arlys siku moja, baada ya mkewe kupatia umbali wa kunguru aliyekuwa juu ya uzio.

"Mimi ni muuza mapazia. Endelea kutembea."

Novemba ilipofika, Delmar alifunga viti viwili juu ya mwaloni mmoja, ukingoni mwa korongo. Arlys aliomba kuja, akaahidi kufunga mdomo. Walipanda kukipambazuka, kila mmoja na mkanda wake kiunoni, barafu ikimetameta kwenye majani.

Baada ya saa moja likatokea dume ng'ambo ya korongo. Lilikuwa kubwa, shingo nene, pembe kama mzizi wa mti uliong'olewa. Lilisimama ubavu wazi. Delmar akainua upinde.

Arlys aliangalia, na macho yake yakamwambia mara moja: thelathini na sita. Delmar hakuwa na haki ya kupiga zaidi ya ishirini na tano. Yeye mwenyewe ndiye aliyejiwekea mpaka huo. Na pale, kwa vile korongo lilivyo, palionekana kama ishirini na tano kabisa. Arlys aliuma glavu yake. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

Midomo ya Delmar ilikuwa ikicheza. Alitazama kisiki, kisha gogo, kisha dume. Polepole, akaushusha upinde.

Dume lilijikuna shavu kwenye mti, likajiendea zake bila haraka.

"Ngapi?" alinong'ona.

"Sema wewe."

"Thelathini na tano. Labda sita."

Arlys angemkumbatia, ila walikuwa juu ya mti wamefungwa mikanda. Alimshika tu mkono wa koti, akaukamata muda mrefu.

Karibu na saa nne akapita jike, chini yao kidogo, upande wao wa korongo. Delmar alihesabu, akavuta, akaachia. Jike alikimbia hatua sitini, akaanguka wakimwona. Walipomfikia, Delmar alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye shingo yenye joto, na Arlys akasimama kando, akimwachia nafasi yake.

Mchana walikaanga moyo wa yule jike kwa siagi na vitunguu, wakala kutoka kwenye kikaango kwa uma mbili.

"Mwakani," Arlys akasema, akifuta mafuta kidevuni, "na mimi nataka upinde."

Delmar aliacha kutafuna. "Unasema kweli?"

"Ulidhani nilikuwa natembea barabarani kwa ajili ya afya yangu?"

Mumewe alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi Arlys ampige mgongoni.