Moshi wa Matairi na Mvua ya Kwanza

Siku ile bado naiona, mwanangu. Nilikuwa mke mgeni hapa Bukura, mtoto wangu wa kwanza hajajua hata kukaa, na kiangazi kilikuwa kimetukaushia kisima. Mvua ilipogonga mabati nilikimbia na pipa, nikakinga chini ya paa huku nacheka peke yangu.

Mama mkwe akatoka jikoni, akalipiga pipa teke. Maji yote chini! Hasira zilinipanda, lakini mkwe hajibiwi, nikazimeza.

"Mvua ya kwanza hatukinganga," akasema. "Angalia hiyo maji ni nyeusi. Unataka kupatia mtoto moshi ya bwana yako?"

Mume wangu, Shikuku, alikuwa mchochea moto katika kiwanda kidogo cha sukari nguru, ng'ambo ya shamba letu. Makapi ya miwa yakiwa mabichi hayashiki moto, basi tajiri wake aliwapa matairi makuukuu wachome. Moshi ulipanda, nasi tukadhani umekwenda zake. Uende wapi? Ukitema mate juu yatakurudia usoni. Masizi na sumu yake vilishukia mabati, mboga zetu za mrenda, na nyasi za ng'ombe tuliyemkama. Mtoto alikohoa usiku na mchana, nami nikilaumu baridi.

Jioni mama mkwe alimweleza mwanawe bila kupaza sauti. Shikuku akala ugali nusu. Kesho yake alimwomba tajiri makapi yaanikwe kwanza, akafukuzwa. Tulishindia viazi vitamu msimu mzima, na sitakudanganya kwamba vilikuwa vitamu. Aliyechukua nafasi yake aliendelea kuchoma, na kifua cha mtoto kikaendelea kukoroma. Kilifunguka tu pale wachochea moto wote walipogoma na tajiri akajenga banda la kukaushia makapi.

Sasa nasikia nawe umeitwa kuchochea moto kama huo. Sikulaumu, mwenye njaa hana miiko. Nenda, lakini matairi yakiletwa, kataeni pamoja, maana mmoja hufukuzwa. Mboga zioshwe, na mvua ya kwanza ipite bila kukingwa, ingawa sumu iliyokwisha kuzama udongoni haioshwi. Dawa yake ni kutochoma matairi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hiki utaingia na watoto wa jirani.

Mungu akupe kazi ambayo mtoto akikukimbilia mlangoni, utamwinua hapohapo, bila kumwambia, "Ngoja kwanza nioge."