Alama Hamsini na Nane

Mihayo alikuwa mtu wa maneno mengi kabla duara halijamfukia. Duara ndilo shimo letu la dhahabu, na mimi ndiye niliyemtoa, huku machimboni Bukombe, nikimvuta kwapani bila kujua kwamba uti wa mgongo umeshavunjika. Huu ni mwaka wa tatu. Kuanzia kifuani kwenda chini hajui kama ana mwili. Mikono inanyanyuka, lakini vidole havishiki.

Mwezi wa tano alikuja Bernadina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na fomu ya kupima mgonjwa anajitegemea kiasi gani. Akatueleza wazi: alama ni mia, na watakaopata chini ya hamsini watapelekwa Mwanza miezi mitatu, wafundishwe kujigeuza, kujihamisha kitandani na kuzuia vidonda. Watarudi na kiti cha magurudumu. Mradi unapita mara moja tu. Mihayo alikuwa na kidonda kiunoni kinachoingia ngumi ya mtoto. Nikajisemea, huyu kapita.

Ndani kulikuwa giza, basi tukamtoa na godoro lake barazani. Hatua nne kutoka pale, mama mkwe wake, Scolastika, alikuwa anabangua karanga. Kwetu mwanamume na mkwewe wanaoneana haya, hata kula pamoja hawali. Lakini nani angethubutu kumwambia yule mama atupishe?

"Nani anakuogesha?" Bernadina akauliza.

"Naoga mwenyewe."

"Na ukishajisaidia haja kubwa, nani anakusafisha?"

Mkono wa Scolastika ukasimama juu ya ungo. Mihayo akatazama bati. "Mwenyewe, dokta."

Bernadina akamgeukia mkewe, Limi. "Ni kweli, Mama Goodness?"

Limi, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amemsafisha, akasema ni kweli. Angemvuaje mumewe nguo mbele ya mama yake? Nami nikakaa kimya kama mjinga, na mpaka leo najichukia. Bernadina naye, msomi mzima, anauliza mambo ya chooni hadharani! Aliandika harakaharaka, alikuwa na nyumba nyingine sita za kupitia.

Baada ya wiki mbili simu ikaja. Hamsini na nane. Nafasi amepewa mwingine.

Nilikuwa nimekaa na Mihayo chumbani. Limi alilia bila kujificha.

"Ningesemaje mbele ya mama yako, mbele ya mayu?" Mihayo akasema. "Angenionaje mimi?"

Scolastika alikuwa nje ya mlango, maana chumbani kwa mkwewe haingii.

"Baba Goodness," akasema taratibu, "Limi akienda shamba, mashuka yako nayafua mimi. Tangu mwaka juzi."

Baadaye Mihayo akamwomba Limi amgeuze, aelekee ukutani. Aliomba kwa sauti, mkwewe akisikia.