Nyumba Isiyonywewa Lubisi

Baba yangu alistaafu akarudi Nshamba na sanduku la randa, kikohozi, na dada yake. Alikuwa seremala wa serikali pale Bukoba mjini tangu Waingereza walipoingia, na siku ya mwisho walimpa mkono wakamwambia akapumzike. Neno hilo lilimuudhi kuliko kikohozi. Kibanja cha babu, shamba la migomba la ukoo, kilikuwa kimekwenda kwa kaka mkubwa wa baba kama desturi yetu inavyotaka, na kaka huyo alikwisha kukiuza. Kwa hiyo walipanga chumba nyuma ya duka, yeye na shangazi, na mimi nikienda kuwasalimu kutoka shule ya misheni nilikoanza kufundisha, niliwakuta wamekaa wakitazamana kama abiria walioachwa na lori.

Shangazi alikuwa ameachwa na mume kwa kutozaa. Tangu mama yangu afariki yeye ndiye aliyempikia baba na kunilea mimi, na mikono yake ilisuka mikeka na vikapu ambavyo wake wa makarani walivigombania. Mwanamke wa namna yake kwetu ana kwao mahali pamoja tu, na hapo ni kwa ndugu yake wa kiume. Alilijua hilo vizuri, ndiyo maana hakumpandishia baba sauti hata siku moja.

Mwashi mmoja aliyefanya kazi na baba miaka yote ile ndiye aliyeleta wazo. Yeye alikuwa na kibanja kikubwa kando ya barabara, migomba na kahawa, na upande wa chini uwanja uliokaa bure. Alisema wajenge pale, wazee wenye ufundi wakae pamoja, wafanye kazi kadiri ya nguvu zao, na vijana waje kujifunza kabla ujuzi haujafukiwa nao. Wakamwita na mshonaji wa Bukoba, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, mtu mpole aliyeanza kusumbuliwa na macho. Mwashi nilimwita Tata, kama nilivyomwita baba. Nasema hivyo ili ijulikane nilimpenda.

Walivyobishana juu ya nyumba ile! Baba alichora kwa mkaa juu ya ubao, akafuta, akachora. Alitaka karakana iwe katikati na vyumba viizunguke, kila kitanda kikae karibu na dirisha linalotazama ndani, ili mzee akiumwa aweze kumkemea mwanafunzi bila kuinuka. Mwashi akasema basi hakuna atakayekufa kwa amani. Mshonaji aliomba mlango wa pembeni na mahali pa kutawadha, asipitie kwenye vibuyu vya pombe vya hawa wenzake, wakamcheka, kisha wakamjengea. Shangazi hakuulizwa. Alingoja wamalize, akawaambia ngazi ni ndefu mno kwa magoti yao, na akaonyesha kwa kidole upande usio na unyevu ambako ukindu wake ungekaa. Baba alifuta tena. Siku ile nilimwona baba yangu akiwa na furaha, nami nikaamini kila kitu.

Sasa, kwetu mtu akipewa ardhi hupeleka lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mwenye ardhi huinywa hadharani pamoja na majirani na wazee wa ukoo wake, na wote walioinywa ndio mashahidi. Asiyepeleka ni mgeni aliyekaribishwa, hata akikaa mpaka ameota mvi. Baba alinunua ndizi, akazikanyaga mwenyewe kwenye mtumbwi wa kukamulia pombe, akajaza vibuyu. Mwashi alipoviona alinuna. Akasema, "Mtu hapeleki lubisi nyumbani kwake. Unanifanya mimi nani?"

Baba aliona haya. Urafiki wao ulikuwa mkubwa, na kushikilia kungekuwa kama kumwambia rafiki usoni kwamba humwamini. Wakainywa wawili tu, mlango umefungwa, kwa vicheko. Jioni shangazi alimwambia baba taratibu kwamba majirani wamesikia harufu lakini hawakuonja. Baba akamjibu kwamba wanawake hawajui urafiki wa wanaume. Shangazi akaenda kumenya ndizi.

Nyumba ikasimama, na ilikuwa nzuri. Wasichana wangu wa shule walikuja Jumamosi kwa shangazi, wavulana kwa baba, na mshonaji alifundisha kwa vidole kile ambacho macho yake hayakukiona tena. Watu wa Rubafu, mbali kule, waliagiza milango kwetu. Shangazi alianza kuimba. Sikuwahi kujua kwamba anaimba.

Kisha kahawa ikapanda bei, na mtoto wa kiume wa mwashi akarudi kutoka Uganda akitaka ghala kando ya barabara. Ghala lenye kuta, paa na karakana pana lilikuwepo tayari. Mwashi hakutuambia kitu. Tuliitwa tu kwa mkungu, mkuu wa kijiji, na pale nikamsikia yule niliyemwita Tata akisema aliwakaribisha wageni nao wamekaa vya kutosha. Mkungu akawauliza majirani kama walikunywa lubisi ya uwanja ule. Walitazama chini, wakasema hapana. Hawakusema uongo, hawakuinywa.

Nilikasirika. Lakini tendo la mwashi niliweza kulielewa: ana mtoto, na tamaa ni tamaa. Sikuwa tayari kwa yaliyofuata. Mwashi alimgeukia baba kwa sauti ya zamani, akasema rafiki yake hamfukuzi, chumba chake na benchi lake vitabaki pale. Wengine ndio waondoke. Nilingoja baba asimame. Mshonaji naye aligeuza uso upande wa baba, akimtafuta.

Baba alisema, "Kazi yangu iko pale."

Shangazi aliuliza, bila kupandisha sauti, "Nami waitu, ndugu yangu, niko wapi?"

"Utakwenda kwa huyu mtoto," akasema, bila kutuangalia sote wawili.

Mshonaji alirudi Bukoba kwa jamaa zake. Shangazi alikuja kwangu, kwenye chumba cha mwalimu kisicho na mahali pakavu pa kuweka ukindu, na akaacha kusuka. Baba alituma salamu, akatuma na kigoda. Nilikikalia. Sikumsamehe, na hata leo nikijaribu najikuta nimeuma meno.

Alifariki kabla ya Waingereza kuondoka. Walimzika ukingoni mwa migomba ya mwashi, maana hakuwa na ya kwake. Tulifika tumechelewa, na shangazi, badala ya kuingia ndani walikokaa wafiwa, alikaa nje kwenye majani pamoja na watu waliokuja kutoa pole. Mwanamke mmoja wa jirani, mgeni kwetu, alimsogelea akamuuliza marehemu alikuwa nani wake.

"Niliwahi kumpikia," alijibu.