Kufuli la Marehemu Mume Wangu Lilirudi Kazini

Jumatatu moja niliingia kiwandani nikakuta kufuli la mume wangu linaning'inia kwenye msumari wake.

Mume wangu alizikwa kabla kijana wetu Runji hajaanza shule. Sasa huyo kijana ananyoa ndevu.

Nilivua miwani, nikaifuta kwa leso, nikaivaa tena. Kufuli bado lipo. Jekundu, palepale.

Nyuma yangu Kithaka, fundi wa mashine, aliona nilichoona. Kikombe cha chai kikamponyoka.

"Mama Runji, mimi leo naomba off."

"Off ya nini?"

"Ya ugonjwa."

"Nani mgonjwa?"

"Ni mimi. Na ugonjwa ndiyo hiyo iko kwa ukuta."

Siku nyingine ningecheka. Nikashika meza.

Ngoja niwaelezee, la sivyo mtasema ni hadithi za majini.

Naitwa Njoki. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai huku juu Embu, karibu na msitu. Jina la kiwanda silitaji, ugali wangu unatoka hapo.

Kwenye ukuta wa karakana kuna ubao mweupe wenye misumari. Kila fundi ana kufuli lake na msumari wake. Chini ya kila msumari pamechorwa umbo la kufuli kwa rangi nyeusi, kama kivuli.

Kufuli likiwa kazini, unaona kivuli kitupu. Likirudi, kivuli kinafunikwa. Hata asiyejua kusoma anajua ni nani bado yuko ndani ya mashine.

Ubao huo aliuleta Ireri, mume wangu.

Alikuwa fundi. Kampuni ilimpeleka Nairobi kwenye mafunzo ya kuzuia makosa kazini, akarudi kama mtu aliyeokoka juzi. Kila kitu kilikuwa mahubiri.

Jioni moja alinipa laini ya simu.

"Hebu weka hii kwa simu. Lakini uiweke vibaya."

Nikajaribu. "Inakataa."

"Kwa nini?"

"Si imekatwa kona."

"Ehe! Mwenye aliitengeneza hakukuandikia ati 'tafadhali kuwa makini'. Alijua utachoka, utasahau, utakuwa na haraka. Akakata kona tu. Kazi ikatae kosa yenyewe, Njoki. Usimngojee binadamu."

Nikamwambia chakula kinapoa. Ndivyo tulivyokuwa. Yeye anahubiri, mimi napakua.

Mambo ya kufuli yalikuwa hivi. Fundi akitaka kuingia ndani ya mashine, anazima swichi kubwa na kuifunga kwa kufuli lake. Ufunguo unabaki mfukoni mwake. Hakuna wa kuiwasha mpaka yeye atoke, na miguu yake, na mikono yake.

Kufuli jipya huja na funguo mbili. Ule wa pili unavunjwa kwa nyundo mbele ya wote. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake.

Kufuli lake mwenyewe alilipaka rangi yangu ya kucha. Chupa nzima! Nilinuna siku mbili.

Sasa, aliyekuwa akisimamia swichi ya mashine ya kukata majani ni baba yangu mzazi, Mzee Misheck. Alikuwa hapo tangu kiwanda kikiwa kipya. Mashine ile aliijua kwa mlio, akisikia imekohoa anajua ni wapi.

Baba huniita mama, kwa sababu mimi ndiye nilipewa jina la mama yake. Tangu utotoni hajawahi kunipigia kelele. Unampigiaje mama yako kelele?

Lakini siku Ireri alipofunga lile kufuli kwenye swichi mara ya kwanza, baba alisimama katikati ya wafanyakazi akauliza:

"Kwa hivyo mimi nikitaka kuwasha mashine yangu, naomba ruhusa kwa huyu?"

"Si ruhusa, baba. Ni usalama tu."

"Kwetu mkwe hafungii mzee mlango."

Watu wakacheka. Ireri akaangalia chini.

Kama wewe si wa huku, jua hili: kwetu mwanamume habishani na baba ya mke wake. Akimkuta njiani anampisha. Akiambiwa keti, anaketi. Ireri aliweza kubishana na meneja mpaka meneja atoke jasho, lakini mbele ya baba yangu alikuwa kama mtoto wa Sunday school.

Hata hivyo kufuli liliendelea kufungwa. Na baada ya muda baba akanyamaza. Nilidhani amezoea.

Halafu ikaja ile asubuhi.

Ulikuwa msimu wa majani mengi. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje ya geti, na majani mabichi yakikaa kwenye gunia yanapata joto na kuharibika. Mashine ikakwama. Ireri akaingia chini yake kutoa nyuzi zilizojisokota.

Mashine ikawashwa akiwa ndani.

Hapo sitaongeza neno. Jeneza halikufunguliwa. Hiyo inatosha.

Walipotafuta kufuli lake, kwenye swichi halikuwepo. Kwenye ubao halikuwepo. Mfukoni mwake walikuta ufunguo peke yake.

Baba, ambaye ndiye aliwasha, aliulizwa mbele ya meneja. Akasema, "Sikuona kufuli."

Basi wakubwa wakakaa, wakaamua. Ireri alipoteza kufuli, akaona aibu kusema kwa sababu yeye ndiye mwalimu wa makufuli, akaingia hivyo hivyo. Uzembe wa marehemu.

Na mimi nikaamini.

Mwaka wa kwanza nililia. Baadaye kilio kikageuka hasira. Nilikuwa naenda kaburini kung'oa magugu na kumgombeza. "Wewe! Wewe wa kona ya laini! Umeniacha na mtoto kwa sababu uliona aibu kusema umepoteza kufuli?"

Udongo haujibu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira zaidi.

Kampuni ikanipa kazi, kwanza ya kuchagua majani, baadaye ya kufundisha wafanyakazi wageni. Kila kundi jipya likija nililipeleka mbele ya ule ubao. Meneja aliwahi kutaka kivuli cha Ireri kipakwe rangi kipotee, nikakataa. Nilikihitaji kwa somo langu.

"Hapa palikuwa na kufuli la mume wangu," nilikuwa nawaambia. "Alifundisha kila mtu, halafu yeye akazembea. Usiwe kama Ireri."

Wasichana walilia. Wavulana waliinamisha vichwa. Mimi nilitoka hapo nikijiona naokoa maisha ya watu.

Kumbe kila mara nilikuwa namzika mume wangu tena, na safari hii kwa aibu.

Baba naye nilimtunza. Alipostaafu alirudi kwake Karurumo, nami nilishuka mara kwa mara na unga, sukari na dawa ya presha. Habari za kiwanda hakutaka kuzisikia. Nikizianza, anatoka nje kuangalia mbuzi. Nilidhani ni uchungu wa kumpoteza mkwe, nikamhurumia. Nilimwambia mara nyingi, "Baba, si makosa yako. Ireri ndiye hakufunga."

Kila nilipomwambia hivyo, aliacha chakula.

Sasa turudi kwa ile Jumatatu.

Nilikwenda pale ubaoni, nikalishika. Rangi yangu ya kucha ilikuwa imebanduka pembeni, lakini herufi za jina lake alizozikwaruza kwa msumari zilikuwepo. Na ndani ya kufuli palikuwa na ufunguo.

Nikautazama ule ufunguo.

Ufunguo wa Ireri, ule uliotoka mfukoni mwake, uko nyumbani kwangu ndani ya sanduku la nguo zake. Huu ulikuwa wa pili. Ule uliotakiwa kuvunjwa.

Nikampigia simu Riungu, askari wa geti.

"Riungu, jana nani aliingia karakana?"

"Jana Jumapili? Hakuna mtu, Mama Runji. Ni baba yako tu. Alisema amekuja kusalimia mashine. Nikamwambia, mzee pita, wewe ni wa hapa."

Sikumbuki nilivyofika Karurumo. Nakumbuka tu baba ameketi nje ya nyumba akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakushangaa kuniona siku ya kazi.

Nikaweka kufuli juu ya maharagwe.

"Umekuja, mama," akasema.

"Huu ufunguo ulitoka wapi?"

 Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye maharagwe ambayo hayakuwa na mawe.

"Baba, nakuuliza."

"Alinipatia yeye."

"Ireri?"

"Alikuja hapa peke yake, baada ya yale maneno yangu ya mlango. Akasema, 'Baba, sitaki uone nimekufungia. Ufunguo wangu ni huu, na huu mwingine ni wako. Kaa nao.' Mimi nikafurahi, mama. Nikasema huyu ndiye mkwe. Nikamchinjia kuku."

Ireri hakuvunja ufunguo wake wa pili, na hakuna aliyemkagua mwalimu. Sheria yake mwenyewe, aliyoitungia dunia nzima, aliivunja kwa mtu mmoja tu, kwa sababu ya heshima.

"Na ile siku?" niliuliza, ingawa moyo ulikuwa unaniambia niondoke.

"Lori zilikuwa nyingi. Meneja ananipigia simu kila saa. Nikaona kufuli iko kwa swichi. Nikaangalia pale watu wanakunywa chai, nikaona mgongo wa overall na kofia. Nikasema, si huyo Ireri? Ametoka na amesahau kufuli. Nikaita jina yake. Mashine ya kukausha inapiga kelele, sikusikia mtu. Sasa nikafungua."

"Ukaweka wapi kufuli?"

"Kwa mfuko." Akagusa koti lake, upande wa kulia. "Wakati waliniuliza kama nimeona kufuli, mkono yangu ilikuwa imeishika. Mdomo ikasema sikuona."

Nilikaa chini. Chini kabisa, kwenye vumbi, na sketi yangu ya kazi.

Alikuwa amefunga. Mume wangu alikuwa amefunga! Alifanya kila kitu sawa asubuhi ile. Aliingia chini ya mashine akiwa na amani, akijua hakuna wa kuiwasha.

Na ule ubao ulikuwa umesema ukweli miaka yote. Kama angezembea, kufuli lingekuwa kwenye msumari. Wakubwa walisema limepotea, lakini kwa ubao kivuli kitupu maana yake mtu amelichukua akaenda nalo kazini. Mimi ndiye nilikuwa nafundisha somo hilo, na sikuwahi kulisoma.

"Kwa nini sasa?" nikamuuliza. "Si ungekufa nalo?"

"Yule msichana wa jirani ameandikwa huko kwenu. Alikuja hapa kunisalimia, akaniambia ulivyowafundisha. Ati, 'Usiwe kama Ireri.'" Ndipo akaanza kulia, mzee wa mvi, machozi yakiangukia maharagwe. "Mama, yule kijana hakustahili hiyo. Nilishindwa kukuambia na mdomo. Nikarudisha tu."

Sikumshika mkono. Sitawadanganya. Niliinuka, nikachukua kufuli, nikapanda juu mpaka kaburini.

Huko sikugombeza mtu. Nilisema pole mpaka sauti ikaisha.

Wiki ile nilimweleza meneja yote. Akaniuliza nataka nini, kama ni polisi au ni wazee. Nikamwambia nataka wageni waje mbele ya ubao, na baba yangu aje pia.

Alikuja, amevaa koti lilelile.

Nilisimama mbele ya vijana wapya. Nikawaambia, "Nimewafundisha wenzenu uongo. Mume wangu alifunga." Nikaeleza yote, ufunguo, kuku, simu za meneja, na mgongo wa mtu anayekunywa chai. Meneja alikuwa hapo, akaangalia viatu vyake.

Msichana mmoja akainua mkono. "Madam, sasa mwenye makosa ni nani?"

Swali zuri. Baba alikuwa ananiangalia.

"Haraka ilikuwepo kila siku," nikamjibu. "Mzee kukosea mgongo wa mtu ni jambo la binadamu yeyote. Ndiyo maana kufuli lilikuwepo, ili hata akikosea, mashine ikatae. Tulipokosea ni kuruhusu ufunguo wa pili uwe na mwenyewe. Na kusema uongo baada ya hapo, hilo halina kufuli. Hilo ni la mtu na Mungu wake."

Kisha nikaweka ule ufunguo juu ya chuma na kumpa baba nyundo.

Aliinua nyundo. Pigo la kwanza likakosa. Kithaka akataka kumsaidia, nikamzuia. La pili likakosa. Nilisubiri, na wote wakasubiri, mpaka ufunguo ukakatika.

Mnaniuliza kama nimemsamehe. Bado nampelekea unga na dawa. Akiniita mama, naitika. Siku nyingine naitika nikiwa nimegeukia ukuta.

Ndugu yangu unayesoma hii, hata kama kazi yako ni hospitali, karakana au duka la dawa, sikia. Usiwaambie watu wawe makini ukadhani umemaliza. Makini huchoka. Kata kona ya laini. Na ukishaikata, usimtengenezee mtu njia ya pembeni kwa sababu ni mzee, ni bosi au ni mkwe. Mheshimu kwa chai, mheshimu kwa kuku, mpishe njiani. Ufunguo usimpe.

Kufuli la Ireri liko kwenye msumari wake, na kivuli kimefunikwa. Wageni wakija nawaonyesha hapo hapo, na maneno yangu siku hizi ni machache.

Nawaambia, huyu hakusahau.