Gari ya Kumtembeza Mama Mkwe

Bwana yangu hakodi gari. Nianze hapo ili tuelewane. Ni mtu wa kutoka nyumbani kwetu Kibenga mpaka kazini kwake Bandarini kwa miguu, asubuhi na jioni, akisema esansi ya magari imekuwa adimu na kutembea ni afya. Siku niliposhikwa na uchungu wa kuzaa aliniuliza kama siwezi kujikaza nifike barabara kuu. Kwa hiyo aliponiambia, huku akisugua viatu vyake, kwamba amekodi gari ya siku nzima kwa ajili ya mama yake anayekuja na meli kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, nilimwangalia mpaka akageuza uso.

"Gari ya nini?"

"Ya kumutembeza mama. Hajaonaka barabara ya ziwa. Mutaenda naye na mutoto, mukule samaki, mupige picha, jioni munipitie ku kazi."

"Na we?"

"Mi niko na kazi."

"Unakodi gari alafu haupande?"

"Sasa si ndiyo mapendo hayo."

Mapendo. Neno hilo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu siku za kunitongoza, na alilisema akiangalia kiatu.

Nilifikiria mwanamke. Sitaficha. Mwanaume akikutoa nyumbani kutwa nzima, wewe, mtoto na mama yake, tena kwa gari, nyumba inabaki na nani? Nilikwenda kwa jirani, mama mmoja ambaye jikoni kwake kunatazamana na geti letu, nikamwomba aangalie nani anaingia. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, yeye huwa anaangalia hata bila kuombwa.

Asubuhi tulimpokea mama mkwe Bandarini. Meli ilikuwa ya mizigo, imejaa mahindi, na abiria walishuka katikati ya watu wanaopakua mifuko. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana naye uso kwa uso, maana ndoa yetu aliifuata kwa simu. Mama mnene, mwenye sauti ya sokoni, kitenge kipya. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo tu.

"Mama, muzigo iko wapi?" nikamwuliza.

"Imebakia mu meli. Iko na watu."

"Si unakaa kwetu wiki mbili?"

"Tutaona, mwanangu," akasema, na salamu zikiwa hazijaisha alikuwa amekwisha kumtoa mtoto mkononi mwangu. "Huyu ndiye bwana yangu. Na we ni muke mwenzangu, usinikasirikie."

Huo ni utani wa kila bibi kwa mjukuu wa kiume, nikacheka kama inavyotakiwa. Mwanangu alikuwa hajamaliza mwezi tangu nimwachishe ziwa, na siku hizo alikuwa akilia hata daktari akimtazama. Kwa huyu bibi hakulia. Alimshika sikio, akalichunguza, akatulia. Nami hilo liliniuma kidogo, sitadanganya.

Gari ilitoka mtaa wa Buyenzi, kwa fundi mmoja anayekodisha magari ambayo wenyewe wamechelewa kuyafuata gereji. Ilikuja na dereva wake, kwa sababu pale hawakupi gari bila mtu wa kuichunga. Niliizunguka na dereva nyuma yangu, nikimwonyesha kila mkwaruzo ili jioni tusije tukasingiziwa.

"Huu umeuona?"

"Nimeuona, mama."

"Na huu?"

"Mama, itakuwa rahisi unionyeshe fasi yenye haina mukwaruzo."

Nikafungua nyuma. Kulikuwa na bidoni, dumu lililojaa esansi, limefunikwa na gunia. Nikamwuliza limetoka wapi wakati watu wanalala kwenye vituo. Akasema bwana yangu amelitafuta mwenyewe, alihangaika wiki nzima. Bwana yangu, ambaye hajawahi kunitafutia hata kiberiti. Nikaingia garini na moyo mzito, nikafungua dirisha, maana harufu ilikuwa kali na mama mkwe alikuwa amempakata mtoto nyuma, karibu na lile bidoni.

Tukaelekea kusini. Wanaosema barabara ile ni nzuri hawasemi uongo: ziwa upande wa kulia, milima ya Kongo ng'ambo, vilima vyetu upande wa kushoto, na akina mama wameketi na mananasi na chupa za mawese. Kuna mahali maji yamekula lami na gari inapita ukingoni kama mtu anayepita kwenye kibaraza cha jirani. Siku nyingine ningefurahi. Siku hiyo nilikuwa nasikiliza maswali.

"Usiku analia?"

"Mara moja moja."

"Akilia unamupatiaka nini?"

"Maji. Namubeba."

"Uji yake ni ya mahindi ao ya mutama? Homa yake inaanzaka na kichwa ao na tumbo? Anaogopa giza?"

Nilijibu yote kwa mkato. Mgeni wa wiki mbili anauliza mtoto anapenda nini. Huyu alikuwa anauliza kama anayepokea kazi kutoka kwa mtu anayeondoka. Nikajisemea: basi ni kweli, bwana ana mwanamke, mama yake anajua, na mimi ndiye ninayeondolewa.

Tulisimama Mugere, kwenye jiwe la kumbukumbu ya Wazungu wasafiri wa zamani. Dereva akajifanya mwenyeji wa watalii.

"Hapa Wazungu wawili walilala."

"Walilala tu?" mama mkwe akauliza.

"Walilala, wakaendelea na safari."

"Na wakawekewa jiwe. Mi nimelala juu ya mifuko ya mahindi kutoka Kalemie, sijui jiwe yangu munaniwekea wapi."

Dereva akacheka mpaka akashika goti. Nami nilicheka, na nikajichukia kwa kucheka. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mama mbaya.

Tulikula ufukweni, kwenye kibanda wanakochoma mukeke, samaki wa ziwa letu, na ndizi. Mama mkwe alikuwa akimtolea mtoto miba, mmoja mmoja, akiipanga kwenye ukingo wa sahani ili ahakikishe hakuna uliobaki. Hapo jirani akanipigia simu. Nikaondoka mezani nikasimama karibu na maji.

"Nimemuona," akasema.

"Mwanamuke gani?"

"Akuna mwanamuke. Ni bwana yako mwenyewe. Ameingia, ameshinda kidogo, ametoka na matela ya mutoto."

"Matela gani?"

"Ile kadogo. Ameikunja, ameifunga na kamba, ameweka ku bega. Na mufuko wa nguo. Nimemusalimia, amenijibu kama mutu mwenye kuiba kuku."

Akakata simu. Mwanaume anayehamia kwa mwanamke mwingine anabeba viatu vyake, redio, suruali. Godoro la mtoto la nini? Niliwaza ameliuza, nikawaza amemkopesha mtu. Nikarudi mezani, dereva alikuwa anafuta mikono.

"Mama, tusikawie sana," alikuwa akimwambia mama mkwe. "Meli haingojake mutu. Bwana alisema tukuwe pa Bandari mbele ya saa ya kufunga mizigo."

"Meli ya nani?" nikauliza.

Dereva akanitazama, akamtazama mama mkwe, akagundua kuwa amesema kitu kisichokuwa chake kusema. Akachukua sahani yake akahamia meza nyingine. Mama mkwe aliendelea kutoa mwiba mmoja, akauweka ukingoni, kisha akaniuliza polepole:

"Bwana yako hakukuambia?"

Hakukuwa na haja ya kuambiwa tena. Bidoni, kikapu, maswali ya homa, godoro. Gari haikukodiwa ili mama aone ziwa. Ilikodiwa ili mwanangu ashinde mikononi mwa bibi yake kutwa nzima, amzoee, asinzie begani kwake, na jioni avushwe akiwa usingizini mpaka Kalemie.

Kwa wasiojua: kwao bwana yangu, mtoto wa kwanza akishaachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi, na hurudi akifikia umri wa shule. Siyo kwao tu. Mimi pia nililelewa hivyo, Uvira. Bibi yangu alinipenda, sina neno baya juu yake. Lakini siku niliporudishwa nilimpa mama yangu mkono kama mgeni, na alipokimbilia nyuma ya nyumba kulia, nilimwuliza dada yangu yule mama ana shida gani. Bwana yangu nilimsimulia hadithi hiyo tukiwa bado wachumba. Aliisikiliza yote. Ndiyo maana hakuniambia kitu.

"Mama," nikasema, "nani alikuambia mi nimekubali?"

"Yeye. Kwa simu. Alisema: muke yangu mwenyewe ameomba, amechoka, anataka kutafuta kazi. Alisema unaona haya kunipigia."

"Mi sikuomba. Na sichoki na mtoto wangu."

"Sasa mi nimevuka ziwa lote hii kwa nini?" Sauti ya sokoni ikatoka, na mwenye kibanda akageuka. "Nyumba yangu ni ya kimya tangu baba yao afe. Nimetengeneza kitanda. Nimeambia watu wote wa avenue yetu ya kwamba bwana yangu anakuja."

"Ungeniuliza mimi."

"Mi nauliza mwana yangu. Ndiye nilizaa."

"Na huyu ndiye nilizaa mimi."

Nikamchukua mtoto. Sikumnyang'anya, lakini sikuomba pia. Nikamweka mgongoni, nikafunga kitenge, nikafunga tena juu yake. Dereva akaja akasema kwa upole kwamba lazima tuondoke, la sivyo mama atakosa meli na nyingine hajui itakuja lini. Nikamwambia mimi siingii gari inayoelekea Bandarini. Akasema yeye amekodiwa na bwana, siyo na mimi. Nikamwambia basi ampigie bwana aje aendeshe.

Mama mkwe ndiye aliyekata maneno. "Mwanangu, ingia. Kibenga iko njiani. Ukitaka kushuka, utashuka. Mi siibi mutoto ya mutu."

Sikumwamini. Niliingia mbele, mtoto nikamgeuzia kifuani, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango, na nikamwambia dereva aniachie simu yake mapajani, asije akamwonya bwana. Aliniachia. Njia nzima mtoto alikuwa akimwita bibi yake kwa nyuma ya kiti, akitaka kucheza kujificha, na bibi akaendelea kutazama ziwa.

Kibenga tulipofika, dereva alipunguza mwendo kweli, akasimama. Nikakaa. Nilikuwa nimekwisha kufungua mlango. Lakini nikawaza: nikishuka hapa, bwana atakuja jioni na maneno matamu, atasema mama alielewa vibaya, na mwezi ujao kutakuwa na gari nyingine na safari nyingine, mimi nikiwa sokoni. Nilitaka aseme mbele yetu sote wawili.

"Endesha," nikasema.

Bwana yangu alikuwa amesimama getini Bandarini akipiga soga na mlinzi, godoro begani, mfuko miguuni. Aliona gari, akatabasamu. Kisha akaniona nashuka, mtoto nimekwisha kumrudisha mgongoni na vifundo viwili vya kitenge mbele, tabasamu likaisha. Mama yake akamfikia kabla yangu.

"Ulisema amekubali."

"Mama, nilifikiria ya kwamba akikuona, akiona vile mutoto anakupenda..."

"Ulifikiria. Mi nilikuzaa na mudomo. Uliipeleka wapi? Umenileta huku nakuwa mwizi mbele ya muke yako."

Mlinzi akaona ni vyema akague gari iliyokuwa mbali. Bwana yangu akasema tuongee nyumbani. Nikamwambia nyumbani ni hapa leo. Aseme: mtoto anakwenda au haendi? Alitazama mama yake, akatazama meli, akanitazama mimi.

"Haende," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma alichoandikiwa.

Nilijua hakusema kwa moyo. Lakini mama yake alisikia, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka.

Mama mkwe akageuka kwangu. "Nipatie nimubebe mara moja tu, nimuage."

Geti lilikuwa wazi nyuma yake. Watu walikuwa wanapanda.

"Muage hapa mugongoni, mama."

"Unafikiri nitakimbia naye? Na hizi magoti?"

"Sijui, mama. Leo sijui nani atafanya nini."

Alikasirika, niliona. Lakini akazunguka nyuma yangu, nikasikia mikono yake kwenye kitenge, mwanangu akicheka, midomo yake ikimnong'oneza kitu ambacho sikukishika. Nilishikilia vifundo vyote viwili mpaka akamaliza.

"Uje ukae kwetu, mama," nikamwambia aliporudi mbele yangu, na sikuwa nafanya adabu tu. "Wiki mbili, mwezi, unavyotaka. Lakini huyu hatavuka mpaka awe na umri wa kukataa mwenyewe."

"Ao wa kukubali."

"Ao wa kukubali."

Akachukua kikapu chake, akaingia bila kumuaga mwanawe. Bwana yangu aliniita twende, akaniita mara ya pili. Dereva naye alitaka kurudisha gari Buyenzi. Niliwaambia wangoje kwanza meli iende. Meli ilikuwa bado haijafunguliwa kamba.