Mti wa Nyuma ya Choo cha Shangazi

Kazi yangu hapa Ifakara ni kukausha magome ya miti, kuyasaga, kuyaloweka kwenye spiriti, kisha kutuma maji yake kwenye maabara moja Dar. Huko wanazo seli za saratani ya mfupa. Wanazikuza kwenye kisahani, wanachora mstari katikati kama mpaka wa shamba, wanatia dawa, na kesho yake wanaangalia kama zimevuka. Kwa miaka mitatu zilivuka mipaka yetu yote bila hata kupiga hodi.

Shangazi yangu, mganga wa mitishamba wa Lumemo, akaota uvimbe chini ya goti. Hospitali wakasema ni saratani hiyohiyo, mguu ukatwe kabla haijafika mapafuni. Akakataa. Alikuwa na gome lake, la mti wa pekee nyuma ya choo, uliopandwa na bibi yake aliyekufa bila kutaja jina la mti huo.

"Lipimeni huko kwenu," akaniambia. "Likishindwa, nakatwa. Likiweza, mguu wangu msiuguse."

Nikalituma bila wasiwasi. Kushindwa ndiyo kazi tuliyoizoea.

Majibu yakaja na picha: seli zimesimama kwenye mstari. Ningepaswa kushangilia, lakini niliogopa. Kisahani si mguu. Kutoka kisahani hadi dawa ya kumpa mtu ni miaka mingi, na shangazi hakuwa nayo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Limeweza?"

"Limeshindwa."

Akaniuliza kama nimekula. Wiki iliyofuata akakatwa mguu. Mlangoni pa chumba cha upasuaji niliyelia ni mimi.

Dar wakaagiza gome zaidi, maana la kwanza lilikwisha kwenye majaribio. Wakataka na maua, kwa sababu bila maua wataalamu wa mimea hawakuweza kuutambua mti. Nikasubiri uchanue. Nilipokwenda nilimkuta shangazi jikoni, magongo yameegemea ukuta, ana afya kunishinda. Nikazunguka nyuma ya choo na magazeti yangu ya kukaushia maua.

Palikuwa na shimo.

"Nimewaita watu wakaung'oa na mizizi," akasema niliporudi. "Mganga hafugi dawa iliyoshindwa. Itakuja kumdanganya mtoto wa watu. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Yote, shangazi?"

"Yote. Wagonjwa walilalamika. Nikawaambia, mwanangu amepima, na mwanangu hasemi uongo."

Kipande cha mwisho kilikuwa mafigani, kimeshakuwa kaa. Nilitaka kusema ukweli. Nikauangalia ule mguu mmoja.

"Kuni zake nzuri, hazina moshi," akasema, akinipakulia wali. "Kula, utapoa."

Nikala.